Stika Ikigoma Kulala: Kwa Nini Tunakuomba Siku Tatu

Mteja mmoja alituletea karakanani ndege ya modeli, Junkers Ju 52 ya kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe. Rangi alikuwa ameipaka vizuri mno, lakini stika za mabawani, zile alama nyembamba zinazolowekwa majini ili zitoke kwenye karatasi yake, zilikuwa zimetanda juu kama shuka lililoanikwa. Ndege hii ya Kijerumani, ambayo Wajerumani waliipa jina la utani la Shangazi Ju, ngozi yake yote ni bati la mikunjo kama paa la nyumba. Stika ilikuwa imeshika kwenye migongo tu, mabondeni hewa tupu. Ukiinamisha bawa kwenye mwanga, kila bonde linameta weupe.

Weupe huo ndio unaoleta wateja wengi kwetu, na karibu wote huja wakilaumu gundi. Gundi haina kosa. Rangi isiyong'aa, hata ukiipapasa ukaiona laini, ina vinundu vidogo kama msasa. Stika inalala juu ya vinundu, hewa inabaki chini yake, na hewa hiyo ndiyo inayorudisha mwanga. Kwa hiyo kabla ya stika yoyote tunapiga vanishi ya kung'aa na kuiacha ikauke usiku kucha. Hiyo ni siku ya kwanza, na hapo stika bado haijaguswa.

Siku ya pili ndiyo kazi yenyewe. Stika tunaichovya kwenye maji ya vuguvugu kwa sekunde chache, kisha tunaiacha juu ya tishu mpaka iteleze yenyewe kwenye karatasi yake. Tunatumia dawa mbili za kulaza stika, za kampuni ya Microscale: Micro Set inapakwa kwanza mahali stika itakapokaa, na Micro Sol inapakwa juu baada ya stika kutulia. Micro Sol inalainisha utando wa stika hadi uwe mlegevu wa kufuata kila ribiti na kila mfereji.

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Dakika chache baada ya dawa, stika hujikunja yote kama ngozi ya vidole vilivyokaa majini. Usiiguse! Ikikauka itajinyoosha yenyewe. Mimi nilipoanza kazi hii niliona mikunjo hiyo nikaingiwa na hofu, nikaibonyeza kwa kidole. Nusu ya alama ilibaki kidoleni, na kwenye boksi hapakuwa na nyingine.

Ikishakauka tunaikagua kwa lenzi. Palipobaki hewa tunatoboa kwa ncha ya sindano na kupaka Micro Sol tena. Shangazi Ju alitaka awamu nne, kila moja na muda wake wa kukauka. Siku ya tatu tunafuta mabaki ya dawa kwa maji safi, kisha tunapiga vanishi ya mwisho, ing'ae au ising'ae, upendavyo.

Mabega ya Space Marine, sanamu ndogo ya askari wa mchezo wa mezani wa Warhammer, yana shida yake. Bega lile ni duara kama chungwa, na kitu bapa hakifuniki chungwa bila kujikunja pembeni. Dawa peke yake haitoshi. Tunakata utando wa ziada karibu kabisa na wino, halafu kwa wembe mpya tunachanja kidogo kutoka ukingoni kuelekea katikati, ili kingo zipandane badala ya kusimama. Rangi kidogo ya brashi inaficha michanjo.

Ukituletea modeli, tafadhali usiipige vanishi isiyong'aa kwanza. Lete karatasi nzima ya stika, pamoja na zile usizozihitaji, maana hizo ndizo tunazojaribia dawa. Stika nyingine ni nyembamba mno, na dawa kali huziyeyusha. Kama karatasi ni ya zamani na imegeuka njano, ifunge kwenye mfuko wa plastiki na uibandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua kwa siku kadhaa. Mara nyingi weupe wake hurudi.