Samaki Anayekimbia Taa

Mwanangu,

Juzi uliniuliza chambo gani mbebe mkienda kuvua wolai (yule samaki aitwaye walleye) katika ziwa la Leech Lake na wenzako. Nilikuwa naingia zamu, nikakujibu "ruba" na kukata simu. Jibu halikutosha, ndiyo maana naandika.

Unajua nimekulia Kigoma. Uvuvi wetu ulikuwa wa dagaa: usiku wa giza, karabai zinawaka, dagaa wanapanda wenyewe kuufuata mwanga. Siku za mbalamwezi tulianika nyavu, tukalala. Nilipofika Minnesota, Marekani, nikavua kwa akili ileile, kwamba samaki hupenda mwanga. Nikaenda saa sita mchana, maji maangavu kama kioo. Miaka miwili sikumpata wolai hata mmoja. (Mara ya kwanza kulisikia jina hilo nilidhani muuza chambo anaapa wallahi.)

Kumbe samaki huyu ana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, kama paka. Magharibi ikiingia, yeye anaona na anaowawinda hawaoni vizuri. Jua likiwaka hushuka kilindini au hujificha kwenye majani. Basi mchana laleni. Ingieni ziwani jioni. Juni huku jua linazama baada ya saa tatu usiku, jambo ambalo bibi yako hajalikubali hadi leo. Au ngojeni upepo. Upande unaopigwa na mawimbi mwanga haupenyi sana, na hapo anakula hata mchana. Wenzako watataka upande uliotulia. Waache huko wapige picha.

Sasa ruba. Mwezi Mei maji bado ya baridi, na ruba hujikunja kama kifundo akabaki hivyo; wakati huo chambo ni vijisamaki hai. Maji yakifika nyuzi 15 hivi za Selsiasi, ruba hucheza. Mtunge kwenye kinyonyeo, ule upande mpana, kwa ndoana ndogo. Chubwi iwe nyepesi, na isiwe ya madini ya risasi: yule ndege wa ziwani anayelia usiku kama mtu, loon, hufa akiimeza. Mwambaeni ukingo wa majani mapya, kina cha mita 2 hadi 4. Wolai walitaga barafu ilipoyeyuka, na sasa wanawafuata vijisamaki humo.

Mkikuta wale wadudu wa siku moja wamejaa kwenye taa za gati, poleni. Mabuu yao hupanda kutoka kwenye tope, na wolai hushiba hata chambo asikitazame. Mimi usiku kama huo nilichoma mahindi.

Jaketi la kujiokolea livaliwe mwilini, si kukaliwa. Joto la Juni linadanganya. Maji hayo yanamkata pumzi hata mwogeleaji hodari, na wewe umejifunzia bwawani.

Leseni usisahau, umeshapita miaka 16. Soma kanuni za ziwa lenyewe, maana idadi na urefu wa samaki vinaweza kutofautiana na vya jimbo. Mkiondoka, chomoeni kizibo cha boti maji yatoke yote, ng'oeni majani yaliyonasa. Ni sheria, kwa ajili ya kome waharibifu wanaohamia ziwa hadi ziwa. Ruba waliobaki ni wa pipa la taka.

Ukipata hata mmoja, kichwa usikitupe. Mama yako ameshaulizia mawese.

Baba yako