Kaka, hukunipa mtoto mzima

Shikamoo kaka. Kamwene.

Simu zangu hupokei, na kwenye grupu la familia ujumbe wangu unausoma na kuupita. Naandika hapa kwa sababu wanao wakubwa huwa wanapita huku, mmoja atakuonyesha.

Juzi umeweka picha za kipaimara. Nimezikuza moja moja, na wala siyo kwa ajili ya keki. Yule mdogo aliyesimama mbele yako ana pamba kwenye sikio la kulia.

Pamba, kaka. Tena.

Unakumbuka ulichoniambia pale Njombe tulipomzika mwanao? Manyunyu yanadondoka, vijana wanashindilia udongo, mama mkubwa kanishika kiuno nisianguke, na wewe ukanigeukia watu wote wakisikia: "Nilikukabidhi mtoto mzima, umenirudishia jeneza." Sikujibu. Nilikuwa nimeshika raba zake za shule, hata sijui nilizibeba za nini. Tangu siku hiyo nalala na neno hilo.

Leo najibu. Mtoto hakuwa mzima. Alishuka kwenye basi kuja kukaa kwangu akiwa darasa la tatu, na foronya aliyokuja nayo ina doa la njano upande mmoja. Wifi mwenyewe aliniambia sikio limeanza akiwa chekechea: linatoa usaha, linakauka, linarudi, akikua litaacha. Sote tulisema hivyo. Bibi alikuwa anatia mafuta ya alizeti ya vuguvugu. Mimi niliweka pamba, maana darasani walikuwa wanahama dawati kwa harufu. Kila asubuhi nasokota kipande kipya, natupa cha jana, naona nimeuguza.

Daktari wa zamu, kijana tu, alinichorea nyuma ya fomu. Mfupa wa nyuma ya sikio ndani una vitundu kama sega la nyuki. Usaha ukikaa humo miaka, hasa ule unaonuka, unakula mfupa pole pole, na kati ya pale na ubongo ni ukuta mwembamba tu. Ukitoboka, vijidudu vinapita. Vikishambulia utando unaofunika ubongo, ndiyo ile tunaita homa ya uti wa mgongo. Vikizama kwenye ubongo wenyewe, linaota jipu. Jipu la kwapani lina pa kuvimbia, kaka. Fuvu halina.

Akaniambia na njia nyingine: jino lililooza, mafua yaliyoganda kwenye mifupa ya paji la uso, jeraha la kichwa, hata moyo wenye tundu tangu kuzaliwa. Kwa mwanetu ilikuwa sikio.

Na baba mdogo aliyezunguka matanga nzima akisema ni kitimoto cha kwangu kimempeleka minyoo kichwani, mwambie hivi: ugonjwa huo upo, na huku kwetu kwenye nguruwe wanaozurura umewapa wengi kifafa. Lakini nyama isiyoiva inakupa tegu tumboni. Mayai ya tegu yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu, ukiyala kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, ndiyo yanayofika kichwani. Na yanaleta vifuko vya minyoo, hayaanzii kwenye sikio linalonuka. Nyama yangu huwa inaiva, yeye mwenyewe aliwahi kumaliza sahani mbili.

Nisijitoe. Aliamka na kichwa kikimuuma kisogoni, akatapika, akawa anapepesuka kama katoka kilabuni kunywa ulanzi. Nikasema malaria. Nilinunua dawa ya mseto dukani bila kumpima. Mwili haukuchemka sana, hilo ndilo lililonidanganya. Siku tatu. Hizo ni zangu, sikupi hata moja.

Ila usiku ule ni wako.

Picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa, ilishatoka. Maji ya mgongo hawakumtoa. Walisema presha ndani ya fuvu ikishakuwa kubwa hivyo, ukitoboa chini ubongo unaweza kusukumwa kushuka. Jipu lilikuwa kisogoni, kama yai la kienyeji. Wakataka kulitoa usaha usiku huo huo, halafu sindano za dawa wiki 6 hadi 8. Nikakupigia. Ukasema, "Msimguse kichwa. Subirini nifike."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusaini, daktari alisema mlezi anaruhusiwa. Lakini tumelelewaje sisi? Mtoto ni wa baba yake, shangazi anasaini nini? Ningesaini akafia mezani, pale kaburini ungesemaje? Nikaiweka kalamu chini. Ulikuwa bado uko njiani, umefika Igawa, wakati wananiita kuniambia ameshafariki.

Baadaye nilisoma habari za daktari mmoja wa Glasgow, William Macewen. Mwaka 1876 alionyesha jipu lilipokaa kwenye ubongo wa mtoto wa kiume, wakati huo hakuna picha ya CT wala nini. Hakuruhusiwa kupasua. Mtoto alipokufa wakamfungua, wakalikuta pale pale alipopasema. Niliisoma hiyo usiku, nikazima simu nikakaa gizani jikoni.

Sijui kama nakulaumu au najitetea. Vyote, labda. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kuvuka mto twende shule, sijasahau.

Sasa huyu mdogo. Pamba itoe leo, na mafuta msitie. Maji yasiingie akioga. Panda naye basi la asubuhi, nauli nimeshakutumia, angalia simu yako. Daktari wa masikio achungulie ndani kwa kifaa chake, siyo mhudumu wa duka la dawa. Mkiona kichwa kinamuuma, anatapika au anapepesuka, msisubiri basi la asubuhi.

Nitakuwa stendi ya Nanenane tangu saa nane mchana. Usiponisalimia pia sawa. Nipe tu huyo mtoto nimshike mkono.