Risala ya Wahitimu wa Stashahada ya Usanifu na Ujenzi wa Meli kwa Mgeni Rasmi, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi, walezi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kwenye mahafali yetu. Risala nyingi huwahi kwenye maombi. Yetu itachelewa kidogo kufika huko, tunaomba utuvumilie.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, anayesomea meli katika jiji hili hawezi kuikwepa tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba, meli ya abiria 430, ilipinduka ikikaribia Mwanza na watu zaidi ya 800 wakafa. Kila tunapouliza sababu tunajibiwa kuwa ilijaza kupita kiasi. Ni kweli, ila jibu hilo ni nusu. Chombo hakipinduki kwa wingi wa tani peke yake. Kinaangalia pia tani hizo zimekaa wapi. Shehena nzito iliyopangwa vizuri ngamani, chini kabisa ndani ya meli, inaweza kuwa salama kuliko watu wachache waliokimbilia ubavu mmoja wa sitaha ya juu.

Jaribio la kupima jambo hilo halina gharama ya kutisha. Chombo kinaelea penye maji matulivu, kamba zinalegezwa, timazi, yaani uzi wenye uzito mwishoni, inaning'inizwa ndani, kisha uzito unaojulikana unasogezwa kutoka ubavu hadi ubavu. Tuchukue kivuko cha tani 400. Ukisogeza tani 2 kwa umbali wa mita 6, na timazi yenye uzi wa mita 3 ikahama sentimita 6, hesabu inakupa mita 1.5 kutoka kitovu cha uzito hadi metasenta, nukta ambayo kitovu hicho kikipanda juu yake chombo hakiwezi tena kusimama wima. Ongeza paa, ongeza viti vya juu, badilisha injini, na namba hiyo inabadilika. Katika ziara zetu za mafunzo tumekuta vyombo vilivyoongezewa vitu vya namna hiyo huku karatasi ya hesabu ikiwa ile ile ya zamani.

Maji yakiingia sitahani nayo yana hila yake. Tarehe 6 Machi 1987, Herald of Free Enterprise ilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya omo, yaani ya mbele, ikiwa wazi. Maji yaliingia kwenye sitaha ya magari, ambayo haikuwa na kuta za kuyagawa, yakakimbilia upande mmoja, na meli ikalala ndani ya dakika chache. Walikufa watu 193. Vivuko vinavyobeba magari kwenye ziwa letu navyo vina sitaha ndefu iliyo wazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, MV Bukoba ilipopinduka ilibaki ikielea kwa hewa iliyonaswa ndani. Tumbo lake lilipotobolewa ili watu watolewe, hewa ikatoka na meli ikazama. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, kivuko cha abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Mhandisi wake alitolewa hai baada ya siku mbili, kutoka sehemu iliyokuwa imebaki na hewa. Watu wengi waliita muujiza, nasi hatubishi. Lakini kwa msanifu, kabla bati la kwanza halijakatwa, kuna swali la kujibu: chombo kigawanywe vyumba vingapi visivyopitisha maji, na mlango upi lazima ufungwe kabla ya kung'oa nanga?

Somo la uimara wa meli halina wapenzi wengi darasani, pengine kwa sababu meli kukatika katikati huonekana jambo la sinema. Tarehe 17 Juni 2013, MOL Comfort, meli ya makasha yenye urefu wa mita 316, ilikatika vipande viwili Bahari ya Hindi, mbali na pwani ya Yemen, ikitoka Singapore kwenda Jeddah. Ilikuwa na umri wa miaka 5 tu. Mabaharia wote 26 waliokolewa. Uchunguzi ulielekea kwenye bati za chini za katikati: wimbi linapoinua tumbo la meli na kuacha omo na tezi, mbele na nyuma yake, bila mhimili wa kutosha, sitaha huvutwa na bati za chini hubanwa, huku maji yakizisukuma kutoka nje. Meli nyingine za muundo huo zilipokaguliwa, bati zao nazo zilikutwa zimeanza kujikunja. Vyeti havikuwa vimeliona hilo.

Sasa maombi yetu. MV Mwanza, ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, imejengwa hapa hapa jijini, na wengi wetu tuliitazama tukiwa nje ya uzio. Tunaomba wanafunzi wanaokuja nyuma yetu waruhusiwe kuingia kwenye chelezo, mahali meli inapojengwa, siku bati zinapochomelewa na siku ya jaribio la timazi, hata kama kazi yao itakuwa kushika daftari. Tunaomba chuo kipatiwe leseni ya programu ya kukokotoa nguvu za mwili wa meli, maana kwa sasa tunakokotoa kwa mkono, jambo linalotunoa lakini halitoshi. Na tunaomba utufikishie hili kwa wenye mamlaka: kivuko chochote kikifanyiwa mabadiliko, kipimwe upya kabla hakijapakia abiria. Sisi wahitimu tuko tayari kuifanya kazi hiyo chini ya usimamizi wa wakaguzi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.