Kujenga na Kukaa: Barua kwa Rafiki Msanifu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya lile swali uliloliacha mwishoni: je, msanifu majengo anaweza kuchora makazi, au huchora nyumba tu? Wewe unaelekea kuamini kwamba mchoro mzuri huzaa maisha mazuri. Hapo tunatofautiana.

Mwezi Agosti mwaka 1951, mjini Darmstadt, mwanafalsafa Mjerumani Martin Heidegger aliwahutubia wasanifu majengo wakati Ujerumani ingali na uhaba mkubwa wa nyumba kutokana na vita. Ungetarajia azungumzie matofali. Yeye akasema kwamba shida halisi si uhaba huo, bali ni kwamba binadamu hana budi kujifunza kukaa, na kwamba hatukai kwa sababu tumejenga, bali tunajenga kwa kuwa sisi ni wakaaji. (Ni maneno mazito kumwambia mtu asiye na paa, na sijamsamehe kabisa kwa hilo.) Hoja yake aliifukua katika neno la kale la Kijerumani, buan, lililomaanisha kukaa. Lugha yetu haihitaji kufukuliwa: kitenzi kile kile cha kukaa kitini ndicho kilichotupa mkazi, makao na makazi, na neno maskani, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina mzizi wenye maana ya kutulia. Tena angalia tofauti ya nyumba na nyumbani. Nyumba hupimwa kwa mita na huuzwa, nyumbani hapauzwi.

Ndiyo maana kauli ya msanifu majengo Le Corbusier ya mwaka 1923, kwamba nyumba ni mashine ya kukaa ndani yake, hainishawishi, ingawa alikuwa na haki kudai mwanga na hewa. Mashine huwa imekamilika siku inapotoka kiwandani, ilhali nyumba, siku ya kukabidhiwa funguo, ndiyo kwanza inaanza.

Msanifu majengo Alejandro Aravena na wenzake walilielewa jambo hilo mjini Iquique, kaskazini mwa Chile, katika mradi wa familia 93 uliokamilika mwaka 2004. Kwa kuwa fedha hazikutosha nyumba nzima, walijenga nusu, yaani zile sehemu ambazo ni vigumu mtu kujijengea mwenyewe, kama vile jiko, bafu na ngazi, wakaacha pengo kando yake ili kila familia ilijaze kwa kuta na madirisha ya chaguo lake. Wapo wanaosema kwamba huko ni kuwatwika maskini mzigo wa serikali, na lawama hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, kwangu lile pengo ndilo sehemu bora ya mchoro mzima, kwa sababu hapo msanifu alimwamini mkaaji.

Sasa nikurudishe kwenye ramani uliyonitumia, ambamo kila ukuta umekwisha kupangiwa kabati lake na kila pembe kiti chake. Niambie, mtu atakayehamia humo na kitanda alichorithi kwa bibi yake, atakiweka wapi?

Nasubiri jibu lako.

Rafiki yako wa daima