Barua kwa Mwanangu: Arusha Pana Saa Zake za Kula

Majengo, Moshi

Mwanangu Eli,

Hela uliyoomba nimeshaituma, na ya kutolea nimeiweka humo humo usije ukasema imepungua. Ila baada ya kukata simu nilikaa nikaijumlisha ile orodha uliyonitajia: nusu kuku na chipsi karibu na Mnara wa Saa, kesho yake hapo hapo tena, juisi ya parachichi kila jioni, halafu Jumapili wali nyama kwa bei ambayo mimi hapa soko la Mbuyuni nalisha watu watano na chenji inabaki. Nikaona nikikutumia hela bila maneno nitakuwa namimina maji kwenye pakacha.

Pale Mnara wa Saa ndipo wageni wanapopita. Magari ya watalii yanazunguka mitaa ile kabla ya kwenda Ngorongoro na Serengeti, watu wa mikutano ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawako mbali, na mwenye hoteli kodi yake ya pango inamlazimisha auze kwa watu wa namna hiyo. Mtu huyo anakula leo, kesho yuko porini au yuko kwenye ndege. Mpishi hana sababu ya kumwonea huruma, si kwenye bei wala kwenye kipimo. Wewe utakuwepo mpaka mafunzo yako ya fildi yaishe. Chakula chako kiko kwa mpishi anayetaka kukuona tena kesho.

Halafu kuna hili la saa, ambalo naona ndilo hasa linalokumaliza. Unasema unamaliza kazi za ofisini saa tisa ndipo unaanza kutafuta pa kula. Saa tisa, Eli! Saa tisa mama lishe ameinama anasugua masufuria, aliyebakiwa na chakula amebakiwa kwa sababu, na kilicho wazi mtaa mzima ni hoteli yenye friji. Arusha si ghali kiasi hicho, baba. Unachelewa.

Mimi nimeanza kupika Mbuyuni kabla hujaingia darasa la kwanza, na ninyi mnaokula mnaona sahani tu, sufuria hamlioni. Ngoja nikueleze inavyokwenda. Nyama naikata asubuhi, na nikishaikata najua zitatoka sahani ngapi, maana kila sahani ina vipande vitatu. Anayekuja saa sita na nusu anapata vipande vya kutafuna, na wali umetoka kupaliwa mkaa juu ya mfuniko, punje na punje. Anayekuja saa nane anakuta mchuzi umekauka. Nimeongeza maji, maji yameua ladha, nimeongeza chumvi kufidia. Nyama iliyobaki ni mifupa. Wali wa pili niliuinjika kwa haraka baada ya kuona watu wamejaa, kwa hiyo juu umeiva na katikati una kiini. Na bei ni ile ile. Hakuna mama lishe atakayekueleza haya, mimi nakueleza kwa sababu wateja wangu hawasomi barua zako.

Sasa ofisi yenu mapumziko ni saa saba, na ofisi zote za mtaa huo zinatoka saa saba. Usishindane nao. Tafuta mama mmoja aliye karibu, chukua namba yake, saa nne mpigie umwambie, "Mama, shikamoo, niwekee wali maharage na nyama." Atakuwekea sahani na kuifunika, na hata ukichelewa utakula chakula cha saa sita. Akishakuzoea utaona upawa wa mchuzi unarudi mara ya pili hujaomba. Mlipe siku hiyo hiyo, iwe kwa simu au mkononi. Daftari la mkopo usifungue, deni la chakula linakua huku hulioni na mwisho unaanza kukwepa kupita mtaa ule. Wala usimlipe ya wiki nzima kabla hujala. Mtoto wake akiugua, hela yako imeshakuwa dawa, na wewe utamdai kwa uso gani?

Namna ya kumpata huyo mama: usiulize watu "wapi pazuri pa kula?" Ukiuliza hivyo mtu anakutajia pale anapotamani kula yeye siku akipata hela, au pale alipokwenda kwenye kipaimara. Bodaboda ndiyo kabisa, atakutajia mbali ili akupakie. Muulize mlinzi wa getini kwenu, au dada anayefanya usafi: "Leo umekula wapi?" Huyo anakula kila siku kwa mshahara usiokuwa na mchezo, na leo hii amekula mahali. Madereva wa magari ya watalii nao waulize. Wageni wao wanawashusha kwenye hoteli zenye vitambaa mezani, wao wenyewe wanajipenyeza uchochoroni kula ugali.

Ukifika, kabla hujakaa, hesabu masufuria. Masufuria matatu na watu ishirini, kaa. Bango lenye vyakula thelathini na watu wawili, pita. Hivyo vyote vinakaa wapi kama si kwenye friji, na umeme wenyewe unaujua. Tazama maji ya kunawa yana moto na sabuni ipo, tazama beseni la kuoshea vyombo kama maji yanamwagwa au yamekuwa mchuzi wa pili. Uliza bei ukiwa umesimama. Usione haya, mpishi wa kweli anataja bei huku anapakua. Siku hizi wali maharage utaupata kwa elfu mbili au karibu na hapo, ukitaka nyama au samaki ongeza elfu moja au moja na nusu. Ukitajiwa zaidi ya hapo kwenye benchi la mbao, ujue ameangalia viatu vyako.

Na mchele unuse. Arusha wanapika sana mchele wa Magugu, unatoka huko Babati, na ukipikwa vizuri harufu yake inakupokea barabarani. Mama anayepika Magugu atakwambia mwenyewe bila kuulizwa. Asiposema, anapika mchanganyiko, na hilo si kosa, ila asikuuzie kwa bei ya Magugu.

Mahali pa kuanzia ni kuzunguka Soko Kuu na soko la Kilombero, na ndani kidogo kule Ngarenaro na Kaloleni, kuuzunguka uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Penye soko pana makuli, na kuli hadanganyiki: amebeba magunia tangu alfajiri, anataka ugali mkubwa, mboga ya majani na nyama inayoonekana. Stendi ni habari nyingine. Mchana usile stendi. Mpishi wa stendi na yule wa Mnara wa Saa ni ndugu, wote wanamuuzia mtu anayeondoka. Basi linapiga honi, abiria anameza, analipa, anakimbia. Nani atarudi kulalamika? Lakini alfajiri mambo yanageuka, kwa sababu wanaokula ni madereva na makondakta wa vifodi, yaani daladala za huko, na hao wakipewa supu nyepesi leo, kesho wanahamia banda la pili wote kwa pamoja.

Supu ndiyo nataka uishike kuliko vyote. Arusha iko juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hapa Moshi mjini hatufiki hata 1,000, ndiyo maana unasema unaamka unatetemeka. Bakuli la supu ya mbuzi, au makongoro, au utumbo kama umerithi mdomo wa baba yako, na chapati mbili, ndimu na pilipili, saa moja asubuhi. Ukila hivyo hutaitafuta hiyo sambusa ya saa nne, ambayo ndiyo inayokula hela zako bila wewe kuihesabu. Nimegundua hukuitaja hata moja kwenye simu, na najua unazila. Supu nayo ina saa: sufuria inayoanza kuchotwa saa kumi na mbili ni nzito, ikifika saa tatu imeshaongezwa maji na mfupa umetoa ulichokuwa nacho.

Jioni uwe mwangalifu zaidi, maana njaa ya jioni haina akili. Chipsi kula zile unazoziona zinatoka mafutani, si zile zilizolala kwenye kabati la kioo chini ya taa zikisubiri kurudishwa kwenye mafuta. Mafuta yakiwa meusi kama ya gereji, ondoka. Chipsi mayai, mayai yapasuliwe mbele yako. Na chipsi kila siku sitaki kusikia. Viazi na mafuta vinakujaza, usiku wa manane unaamka unatafuta maji.

Ukitaka kuku wa kuchoma siku moja moja, kuna pale kwa Khan, Mtaa wa Msikiti. Mchana wanauza spea za magari, jioni wanawasha majiko. Si bei ya kila siku, nenda ukiwa umelipwa posho. Na wenzako wakikwambia twende Kwa Mrombo kula nyama choma, nenda, kwa sababu ukiishi Arusha bila kufika Kwa Mrombo watu watakuuliza ulikuwa unafanya nini. Lakini nendeni wanne au watano mchange. Chagua nyama mwenyewe ikiwa mbichi, simama ipimwe mbele yako, mkubaliane bei ya kilo na kama ndizi na ugali vimo au vina bei yake. Nyama ikichomwa inapoteza maji, kilo moja ikitoka motoni inaweza kupungua robo yake au hata theluthi, kwa hiyo usije ukamgombeza mchomaji kwa kosa la moto. Cha kugombania ni kipande kinachopotea kati ya mizani na jiko. Mmoja wenu akae karibu na jiko apige stori.

Ijumaa mchana mitaa ya msikitini kuna pilau. Wewe ni Mlutheri, pilau halijui hilo.

Mtori na kiburu utavipata ukitaka, Wachaga tumejaa Arusha kama tulivyojaa kila mahali, lakini hivyo nitakupikia ukirudi. Ukiwa huko kula vya huko. Tafuta loshoro, ile kande ya mahindi inayochanganywa na mtindi, chakula cha Waarusha na Wamasai. Wanawake wanaiuza maeneo ya masokoni kwa kikombe au bakuli. Ni baridi, ina uchachu, mara ya kwanza utakunja uso. Inakaa tumboni tangu mchana hadi usiku, na bei yake huwezi kulinganisha na hiyo juisi yako ya parachichi.

Kuhusu hiyo juisi. Jumamosi ni siku kubwa ya soko Tengeru, na Tengeru iko njiani unakuja Moshi, kifodi kinakufikisha. Nenda asubuhi, chukua maparachichi ambayo bado magumu kidogo, ndizi mbivu, machungwa, uweke chumbani. Nunua kisu kimoja, sahani moja, na chumvi. Mkate na parachichi ni chakula cha usiku kwa mtu aliyekula vizuri mchana, na kwa hela ya glasi moja ya hoteli ile utarudi na maparachichi ya siku kadhaa. Usinunue ya mwanzo kabisa pale vifodi vinaposhusha watu; ingia ndani mpaka kwa wale waliokaa chini na mafungu yao, walioshuka nayo kutoka mlimani asubuhi hiyo.

Hela niliyotuma ni ya wiki mbili kwa hesabu ya mama lishe. Kwa hesabu ya Mnara wa Saa ni ya siku nne, na sitatuma nyingine katikati.

Ukiwa Tengeru, niulizie mkungu wa ndizi mshare unauzwaje, mkubwa na wa kati, na kama wanakubali bei ya jumla kwa mtu anayechukua mikungu kumi. Hapa zimepanda, na kuna dereva wa Noah amesema atanibebea kwa bei nzuri. Nijibu Jumamosi hiyo hiyo kabla ya saa nane, ili nijue kama Jumatatu napika mtori au naendelea na wali.

Mama yako