Chumvi ya kayabo na pakiti ya ORS

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako, najua barua za siasa ni nyingi ila hii yangu inahusu kuhara, wanaosoma huku wanakula mnisamehe.

Mimi natengeneza kayabo hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, mwaka wa kumi na moja huu. Kwa asiyeijua, kayabo ni sangara aliyepasuliwa akapigwa chumvi akaanikwa, na wateja wetu wakubwa ni Wakongo. Kazi yenyewe ina maajabu yake, unampasua samaki mbichi unamsugua chumvi unampanga juu ya mwenzie unaenda zako, asubuhi unakuta dimbwi la maji chini na hakuna mtu aliyemkamua. Miaka yote hiyo nilijua chumvi inavuta maji basi, kwa nini inavuta sikuwahi kujiuliza, pesa ikiingia nani anauliza.

Sasa mvua za juzi mwanangu wa mwisho, ana miaka miwili na nusu, akashikwa na tumbo la kuendesha. Mama mkwe alikuwepo, alikuja kutoka Ukerewe kutusalimia, nikamwachia mtoto nikakimbilia duka la dawa nikapewa ORS, ile pakiti ya unga wa chumvi na sukari ya kumrudishia maji anayeharisha, na vidonge vya zinki, nikaambiwa ORS kachanganye na maji. Maji kiasi gani muuzaji hakusema, na mimi na haraka zangu sikuuliza. Nikampa mama mkwe nikarudi kazini maana samaki hamsubiri mtu. Mama akamimina pakiti nzima kwenye kikombe cha chai akakoroga, anasema dawa ikiwa kali inafanya kazi haraka. Mtoto kila akinywa anaharisha zaidi, kiu haikatiki, jioni nimerudi macho yameshaingia ndani.

Aliyeshtuka ni dada yake, yuko fomu siksi anasoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, alikuwa likizo. Alivyoonja kile kikombe akasema, "Mama, mtoto mnamfanya kayabo!" Nilitaka kumzaba kibao mbele ya bibi yake, ila tukambeba mtoto mpaka zahanati usiku uleule, na pale kwenye benchi tukisubiri ndo akanielewesha.

Anasema mwili wote ni seli, vichumba vidogo ambavyo macho hayavioni, na kila kimoja kina utando. Maji yanapita kwenye utando kirahisi lakini chumvi haipiti ovyo, kwa hiyo upande wenye chumvi nyingi ndio maji yanakokimbilia, hiyo wanaiita osmosisi. Ukimpa mtoto chumvi kali, maji yanatoka mwilini yanaingia kwenye utumbo, yaani unamharisha wewe mwenyewe. Na ukimpa maji matupu siku nzima nayo ni shida nyingine, chumvi iliyotoka na choo hairudi, damu inakuwa nyepesi, maji yanaingia kwenye seli zinavimba, hata za ubongo.

Nikamuuliza, sasa hizo seli zinakaa tu zinasubiri kujaa? Akasema hapana, zina pampu, inatoa sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, tatu nje inaingiza potasiamu mbili ndani, usiku na mchana, na karibu robo ya nguvu tunayotumia tukiwa tumepumzika inaishia hapo. Hapo nikaelewa kabla hajamaliza. Mume wangu mvuvi, mtumbwi wa mbao hata uuzibe vipi utavuja tu, ndo maana lazima awepo kijana na kopo anakumba maji, siku akisinzia mnazama. Pampu ndo yule kijana. Eti aliyeigundua ni Mdenmark, Jens Christian Skou, mwaka 1957, alikuwa anachunguza mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa, Nobel yake akaja kupewa 1997. Miaka arobaini! Mimi mteja akinichelewesha wiki mbili nshaanza kulalamika.

Na sangara huyuhuyu akiwa hai shida yake ni kinyume. Mwili wake una chumvi kuliko maji ya ziwa letu, kwa hiyo maji yanamwingia kupitia matamvua saa zote, anaishi kwa kukojoa sana, na ile chumvi kidogo iliyomo ziwani anaivuta kwa nguvu kwa matamvua hayohayo. Halafu akifa mimi nambadilishia mambo.

Kilichonishangaza zaidi ni sukari iliyomo kwenye pakiti ya ORS. Nilidhani imewekwa ili mtoto asikatae. Kumbe kwenye utumbo kuna mlango ambao sodiamu na glukosi, ambayo ni aina ya sukari, lazima viingie pamoja, kimoja peke yake hakifunguliwi, vikiingia maji yanafuata. Mmarekani Robert Crane aliueleza mlango huo mwaka 1960, na hata kipindupindu hakiufungi, ndo maana mtu anaharisha ndoo nzima na ORS bado inamsaidia.

Sasa ombi langu mhariri. Pakiti ya kawaida ni ya lita moja, wengi hatuna kipimo cha lita ndani, lakini chupa za maji za nusu lita zimejaa kila kona, mbili zinatosha. Wauzaji wa dawa waseme hivyo tu, "chupa mbili mama, maji safi", haichukui hata dakika. Zipo pakiti za maji pungufu pia kwa hiyo maandishi yasomwe, na asiyejua kusoma asomewe. Ukikosa pakiti kabisa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazisha sio vya kilima kama sisi tunavyopima. Na mtoto akilegea au macho yakiingia ndani usikae unakoroga nyumbani, mpeleke.

Mtoto wangu alipona. Mama mkwe alinuna siku mbili kwa lile neno la kayabo, siku ya tatu nikamkuta kafunga chupa mbili tupu kwa uzi wa nyavu kazitundika jikoni, na ameshakataza mtu yeyote kuzitilia mafuta ya taa.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa Mwaloni, Kirumba, Mwanza