Kwa nini maiki hukata wageni wakishajaa ukumbini

Malalamiko tunayoyapokea zaidi kutoka kwa ma-MC na kamati za harusi ni haya: mchana maiki zisizo na waya zilijaribiwa zikatoa sauti safi, usiku wageni wamejaa, maharusi wanaingia, na maiki inaanza kukwaruza na kukata. Betri zinabadilishwa, fundi analaumiwa. Kesho yake maiki ikijaribiwa dukani, haina tatizo lolote.

Mara nyingi maiki si mbovu, ila masafa inayotumia, yaani njia ya redio inayobeba sauti yake, yamepata mwenyewe. Zamani masafa ya megahezi 694 hadi 790 yalikuwa ya televisheni, na maiki zilijibanza kwenye chaneli zisizotumika mjini. Tanzania ilianza kuzima analojia, mfumo wa zamani wa kurusha TV, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Dijiti hubeba vituo kadhaa katika chaneli moja, kwa hiyo masafa mengine yakabaki matupu, na mwaka 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ikayanadi masafa ya 700 kwa kampuni za simu. Maiki za enzi zile bado zinauzwa, tena kwa bei ya kuvutia.

Simu inayotumia masafa hayo hurusha kuanzia megahezi 703 kwenda juu. Maiki yako ikiwa 710, ukumbi mtupu ni shwari. Wakishaingia wageni mia nne, nusu yao wakirusha keki mubashara, maiki ya miliwati 10 haifui dafu.

Ukihamia chini ya 694 unaepuka simu, lakini bado maiki zenyewe hugombana, na hapa hata mafundi wazoefu hukosea. Wengi huzipanga kwa nafasi sawa: 600.0, 600.4, 600.8. Kwa macho ni mpangilio nadhifu, kwa masikio ni balaa. Maiki mbili zikikaribiana, mawimbi yake huchanganyika ndani ya vifaa na kuzaa mengine: zidisha 600.4 kwa mbili, toa 600.0, unapata 600.8, palepale ilipo maiki ya tatu! Kwa hiyo sisi huziachia nafasi zisizolingana, na zikifika nane tunapanga kwa programu ya kompyuta, si kwa kukisia.

Tukija ukumbini tunawasha kwanza taa na skrini za LED, maana nazo hutoa kelele za redio, kisha tunapima masafa maiki zote zikiwa zimezimwa. Tunatafuta chaneli za TV zilizo tupu eneo hilohilo. Iliyo tupu Dar huenda Mwanza ina kituo. Antena tunaziinua juu ya vichwa, kwani miili ya watu hunyonya mawimbi.

Kabla hujanunua seti mpya, geuza risiva, kile kifaa kinachopokea mawimbi ya maiki, usome lebo ya nyuma. Ikiwa masafa yake yote yako kati ya 694 na 790, usiendelee kuitolea hela ya matengenezo. Ikiwa ni kati ya 470 na 694, usiitupe: tutumie picha ya lebo na jina la ukumbi, tukupangie upya.